Yubari: mji wa Hokkaido uliofilisika bila ruhusa ya kufilisika

Tarehe 20 Juni 2006, Goto Kenji, meya wa Yubari katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, aliliambia baraza la madiwani kwamba mji wake umeshindwa na unaomba kuwekwa chini ya uangalizi wa kifedha wa serikali kuu. Deni lililofichuka lilikuwa yen bilioni 63.2. Mji wenyewe ulikuwa na watu wapatao 13,000, na mapato yake ya kawaida kwa mwaka, yaani kodi zake pamoja na mgao usio na masharti kutoka Tokyo, hayakufika yen bilioni 4.5. Deni lilikuwa mara 14 ya mapato hayo. Ukiligawa kwa kichwa, kila mkazi, mtoto mchanga akiwemo, alibeba karibu yen milioni 4.9.

Kisa hiki husimuliwa kwa njia moja: palikuwa na meya mwenye tamaa ya makuu, akajenga bustani ya michezo mahali ambapo theluji haiyeyuki nusu mwaka, watalii hawakuja, mji ukazama. Maelezo hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yanaanzia katikati. Ukitaka kujua kwa nini Yubari iliangukia hapo na miji mingine mingi yenye bustani za kipuuzi haikuanguka, itabidi urudi nyuma hadi siku ambazo Yubari haikuwa na meya wa kuchaguliwa kabisa.

Pembezoni hapakupewa sheria ile ile

Serikali ya Meiji, ile ya kifalme iliyoanza 1868, ilitoa sheria ya miji na vijiji mwaka 1888, ikaanza kazi 1 Aprili 1889. Kila mji ukapata baraza, na vijiji vikachagua viongozi wao, ingawa kura ilikuwa ya wanaume walipa kodi tu. Sheria hiyo haikuhusu Hokkaido, wala Okinawa, wala visiwa kadhaa vya mbali. Hoja ya Tokyo ilikuwa kwamba huko watu hawajatulia, hawana mali ya kutozwa kodi, na hawajawa tayari kujitawala.

Hokkaido tangu 1869 ilikuwa chini ya Kaitakushi, idara ya kuendeleza ardhi mpya, ardhi ambayo kwa kweli ilikuwa nchi ya Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho. Idara ilivunjwa 1882, kisiwa kikagawanywa mikoa mitatu, na 1886 mikoa hiyo ikaunganishwa chini ya ofisi moja yenye mkuu wa kuteuliwa na Tokyo. Utawala wa mitaa ulikuja kwa mafungu. Mwaka 1899 Sapporo, Hakodate na Otaru zilipewa hadhi ya pekee ya miji. Mwaka 1900 vijiji vilivyoonekana kukomaa vikawa vya daraja la kwanza. Mwaka 1902 vilivyobaki vikawa vya daraja la pili, na kiongozi wa kijiji cha daraja la pili hakuchaguliwa na mtu yeyote kijijini: aliteuliwa na ofisi ya Hokkaido. Sheria ya kawaida ya miji ilifika 1922. Daraja la pili lenyewe liliondolewa 1943, vita ikiendelea. Okinawa ilipitia njia kama hiyo kwa mwendo wake: miji miwili, Naha na Shuri, ilipata utaratibu maalumu 1896, vijiji 1908, na sheria ya kawaida 1920.

Mkuu wa Hokkaido aliyechaguliwa na wananchi alipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1947, mwaka ambao Sheria ya Utawala wa Mitaa ilianza kutumika pamoja na katiba mpya, 3 Mei. Hata hapo barabara kuu, mito na bandari za Hokkaido ziliendelea kuendeshwa kwa bajeti ya pekee kutoka Tokyo, kupitia wakala wa maendeleo ya Hokkaido ulioundwa 1950. Tabia hiyo tuishike kichwani: pembezoni, kitu kikubwa kilijengwa kwa fedha ya mtu mwingine, na kibali kilitafutwa mbali.

Kampuni ndiyo ilikuwa serikali

Yubari ilipata hadhi ya mji kamili mwaka 1943, wakati nchi ilikuwa inakamua kila tani ya makaa ya mawe. Lakini aliyetawala maisha ya kila siku alikuwa Hokutan, kampuni iliyofungua mgodi hapo mwaka 1890 na kufikisha reli 1892. Baadaye Mitsubishi nayo ilichimba upande wa kusini. Kampuni ilijenga safu za nyumba juu ya miteremko, ikavuta maji, ikaleta umeme, ikaendesha hospitali, mabafu ya pamoja na majumba ya sinema. Mchimbaji hakulipa kodi ya nyumba, au alilipa kidogo sana. Maji na makaa ya kupasha nyumba joto yalitoka kwa mwajiri. Mwaka 1960 mji ulifikia kilele chake: wakazi 116,908 na migodi mikubwa na midogo ipatayo 24.

Kwa mhasibu wa manispaa, mji wa namna hii ni rahisi kuuendesha wakati mgodi unafanya kazi. Huduma ghali ziko kwenye vitabu vya kampuni. Siku kampuni inapoondoka, bomba, nyumba na hospitali havitaondoka nayo.

Na kampuni iliondoka kwa sababu zisizotoka Yubari. Kuanzia miaka ya 1960 Tokyo iliamua kuhamia mafuta, na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine kwa mpango na kwa ruzuku, chini ya sheria ya muda ya mwaka 1961 ya kusaidia maeneo ya makaa. Hokutan ilijaribu kwa mara ya mwisho kwa kufungua mgodi mpya wa kina kirefu, ulioanza kuzalisha 1975 kwa msaada mkubwa wa mikopo ya serikali. Tarehe 16 Oktoba 1981 gesi ililipuka kutoka kwenye mwamba, moto ukafuata. Wiki moja baadaye kampuni ilimwaga maji mgodini kuzima moto huku watu 59 wakiwa hawajapatikana. Waliokufa jumla walikuwa 93. Kampuni iliyoendesha mgodi huo ilifilisika kabla mwaka haujaisha, na mgodi ukafungwa Oktoba 1982. Mgodi wa Mitsubishi wa Minami-Oyubari ulipata mlipuko wake 1985, ukaua 62, na ukafungwa 1990. Huo ulikuwa wa mwisho.

Urithi usiokataliwa

Manispaa ilifanyaje? Ilinunua. Nyumba za kampuni, ardhi, mfumo wa maji, hospitali: vyote vikaja mikononi mwa mji, kwa sababu watu waliobaki walikuwa wanaishi humo, wanakunywa humo, wanatibiwa humo. Hokutan ilikuwa pia imeacha kodi ya madini bila kulipa, na haikulipa tena. Kwa hesabu ya mji wenyewe, kushughulikia kufungwa kwa migodi kuligharimu yen bilioni 58.3. Kati ya hizo, bilioni 33.2 zilikopwa kwa hatifungani za manispaa.

Weka namba hizo kando ya deni la bilioni 63.2 la mwaka 2006. Hazilingani moja kwa moja, maana sehemu ya hatifungani ilikuwa imekwisha kulipwa na nyingine ilirudishwa na serikali kuu kwa njia ya mgao. Hata hivyo zinaonyesha mji ulianza mbio na mzigo gani mgongoni, kabla hata gurudumu la bustani halijazunguka.

Ndipo akaja Nakata Tetsuji, meya kuanzia 1979 hadi 2003, vipindi sita mfululizo. Kaulimbiu yake ilikuwa kutoka makaa kwenda utalii. Kwa Kijapani maneno hayo mawili yana vina, na kaulimbiu yenye vina huvuka haraka barazani. Kijiji cha Historia ya Makaa kilifunguliwa kikamilifu 1983: jumba la makumbusho lenye njia halisi ya mgodi, kisha bustani ya michezo, kisha vivutio juu ya vivutio. Tamasha la filamu lilianza 1990. Serikali kuu ilimsifu. Huo ulikuwa wakati wa kuhimiza mikoa ijitafutie wageni, na miradi ya aina hiyo ilipata mikopo yenye masharti laini.

Tusimcheke haraka. Nakata alikuwa na mji uliopoteza ajira zake zote za msingi ndani ya miaka kumi, vijana wakipanda treni kwenda Sapporo. Kutofanya lolote kulikuwa uamuzi pia, na gharama yake ilijulikana. Lililomshinda ni kuacha. Kampuni za nje zilipoondoka, mji ulinunua walichoacha. Mwaka 2002 mwekezaji aliyekuwa akiendesha uwanja wa kuteleza kwenye theluji wa Mount Racey alijitoa, na mji ukaununua kwa yen bilioni 2.6. Serikali ya mkoa wa Hokkaido haikukubali hatifungani kwa ajili hiyo, hivyo ununuzi ulipitishwa kwenye shirika la ardhi la mji, ambalo lilikopa benki kwa ahadi kwamba mji utalilipa. Deni likawa la mji bila kuonekana kwenye orodha ya madeni ya mji. Kwa maoni yetu hapa ndipo kosa lilipogeuka hila.

Mwaka uliotangulia, 2001, sheria ya kusaidia maeneo ya makaa ilikuwa imekoma, na ruzuku zake zikakoma nayo. Kati ya 2004 na 2006 serikali ya waziri mkuu Koizumi ilipunguza mgao wa kodi kwa mikoa na miji nchi nzima kwa takriban yen trilioni 5. Mji wenye viwanda ungeziba pengo kwa kodi zake. Yubari ilikuwa na matikiti yake mashuhuri, ambayo jozi moja ya kwanza ya msimu huuzwa mnadani Sapporo kwa mamilioni ya yen, lakini fedha ya tikiti ni ya mkulima na ushirika wake. Halmashauri haili tikiti.

Miezi miwili ambayo vitabu viwili viko wazi

Sasa sehemu ya kiufundi, na ndiyo yenye faida kwa yeyote anayekagua hesabu za serikali za mitaa popote. Swali ni hili: mji unawezaje kuwa na upungufu wa mabilioni kwa miaka mingi, na kila mwaka utoe hesabu zilizosawazika?

Mwaka wa fedha wa Japani huanza 1 Aprili na kuisha 31 Machi. Lakini vitabu vya manispaa havifungwi siku hiyo. Sheria inatoa miezi miwili zaidi, hadi 31 Mei, ili ankara na makusanyo ya mwaka uliopita yakamilike. Kwa hiyo Aprili na Mei vitabu vya mwaka wa zamani na vya mwaka mpya viko wazi kwa pamoja. Tena manispaa ina hesabu nyingi: hesabu kuu, na hesabu maalumu za utalii, hospitali, maji taka, bima ya afya na kadhalika. Hesabu moja inaruhusiwa kuikopesha nyingine.

Chukua mfano wa namba za kubuni. Mwaka 2004 hesabu kuu inaikopesha hesabu ya utalii yen bilioni 1. Utalii unazitumia kulipa mishahara na riba, na Machi 2005 hauna cha kurudisha. Aprili 2005 hesabu kuu ya mwaka mpya inaikopesha hesabu ya utalii ya mwaka mpya yen bilioni 1 na milioni 200. Siku hiyo hiyo, hesabu ya utalii ya 2005 inachukua bilioni 1 na kuilipa hesabu kuu ya 2004, ambayo bado iko wazi. Tarehe 31 Mei vitabu vya 2004 vinafungwa: hesabu kuu imerudishiwa mkopo wake, utalii haudaiwi, kila mstari ni safi. Zile milioni 200 zinaziba hasara ya mwaka mpya. Aprili 2006 mkopo utakuwa bilioni 1 na milioni 400, na kuendelea.

Hapo kwenye karatasi mambo yamekwisha. Fedha taslimu nazo zatoka wapi, ikiwa hesabu kuu yenyewe haina kitu? Zinatoka benki, kwa mikopo ya muda mfupi. Sheria inaruhusu manispaa kukopa kwa muda mfupi ili kuvuka siku za ukame, kwa sharti kwamba mkopo ulipwe kwa mapato ya mwaka ule ule wa fedha. Yubari ilitimiza sharti kwa jina: mkopo wa mwaka wa zamani ulilipwa kabla ya kufunga vitabu, kwa fedha iliyotoka kwenye mkopo wa mwaka mpya. Kwa sababu mkopo wa muda mfupi unatakiwa kuwa sifuri mwaka unapofungwa, taarifa za mwisho wa mwaka hazikuuonyesha. Ulipofichuliwa, ulikuwa karibu yen bilioni 29, mara sita na zaidi ya mapato ya kawaida ya mji.

Benki zilikubali kwa nini? Kwa sababu mkopeshaji wa manispaa ya Japani haamini kwamba anaikopesha manispaa. Anaamini anaikopesha nchi. Hakuna sheria ya kufilisika kwa serikali za mitaa, hakuna mahakama ya kufuta deni, na mgao kutoka Tokyo huja kila mwaka. Riba ikawa ya chini na maswali machache. Kwa upande wa usimamizi, serikali ya mkoa ilipokea hesabu za Yubari kila mwaka na ilikuwa na mamlaka ya kuhoji. Zaidi ya hayo, Yubari na miji jirani ya makaa ilikuwa ikichota mikopo ya muda mrefu kutoka mfuko wa maendeleo wa maeneo ya makaa bila kibali kinachotakiwa kisheria. Madiwani nao walipitisha bajeti mwaka baada ya mwaka. Hila ya aina hii haihitaji mwizi. Inahitaji watu wengi waungwana ambao kila mmoja anaona mstari wake uko sawa.

Daftari la makato

Sheria iliyokuwepo ilikuwa ya 1955, ya kujenga upya fedha za mitaa. Mji wa mwisho kuingia humo kabla ya Yubari ulikuwa Akaike, Fukuoka, mwaka 1992, nao pia mji wa makaa ya mawe. Chini ya sheria hiyo manispaa yenyewe huomba, huandaa mpango, na waziri huidhinisha. Yubari iliidhinishwa 6 Machi 2007. Upungufu wa kulipwa uliwekwa yen bilioni 35.3 kwa miaka 18, na serikali ya mkoa ikatoa mkopo wa riba ndogo ya asilimia 0.5 kuzima mikopo ya benki. Benki zilipata fedha zao zote. Hili linastahili kusemwa mara mbili: zilipata zote. Hasara haikugawanywa kati ya mkopaji na mkopeshaji.

Mpango uliandikwa kwa kanuni isiyo rasmi kwamba kodi na ada ziwe za juu kabisa nchini na huduma ziwe za chini kabisa. Mshahara wa meya ulishushwa kutoka yen 862,000 kwa mwezi hadi 259,000. Madiwani wakawa 9 badala ya 18, posho yao ikashuka hadi 180,000. Mishahara ya watumishi ilikatwa kwa wastani wa asilimia 30, na idadi yao ikapangwa kushuka kutoka zaidi ya 260 hadi karibu 100. Kodi ya ardhi na majengo ilipanda kutoka asilimia 1.4 hadi 1.45, sehemu ya kodi ya mapato inayokwenda mji kutoka asilimia 6 hadi 6.5, kodi ya magari madogo mara moja na nusu. Ada ya maji taka kwa mita 10 za ujazo iliruka kutoka yen 1,470 hadi 2,440. Takataka zikaanza kutozwa. Shule 7 za msingi zikawa moja, na 4 za sekondari ya chini zikawa moja. Hospitali ya vitanda 171 ikawa zahanati ya vitanda 19, ikiendeshwa na madaktari binafsi ndani ya jengo la mji. Maktaba ikafungwa. Gari la kuondoa theluji, lililokuwa likitoka theluji mpya ikifika sentimita 10, likaambiwa lingoje sentimita 15.

Sentimita tano zinaonekana si kitu kwenye jedwali. Katika mji wa miteremko ambako watu wawili kati ya watano walikuwa wazee, ndizo zilizoamua nani atatoka nyumbani asubuhi.

Kilichoharibika zaidi hakikuwa kwenye mpango. Machi 2007 karibu nusu ya watumishi waliondoka kwa mkupuo, wakiwemo wengi wa wakuu wa idara, kwa kuwa malipo ya kustaafu nayo yalipangwa kupungua kila mwaka: anayechelewa anapata kidogo. Mpango ulihesabu akiba ya mishahara bila kuhesabu ujuzi uliotoka mlangoni siku moja. Waliobaki walifanya kazi za watu wawili, katika ofisi ambayo joto lilizimwa saa kumi na moja jioni hata majira ya baridi, na wengi wao nao wakaondoka. Ilibidi mikoa na miji mingine, jiji la Tokyo likiwemo, iiazime Yubari watumishi wake. Majengo yaliyofungwa bila bajeti ya matunzo hayakungoja pia. Jumba la sanaa la mji lilibomoka paa kwa uzito wa theluji Februari 2012.

Na watu walihama. Sensa ya 2010 ilikuta wakazi 10,922, ya 2015 wakazi 8,843, ya 2020 wakazi 7,334. Mpango unaoongeza kodi ya walio hapo huwaambia wanaoweza kuondoka waondoke, na deni likabaki kugawanywa kwa wachache zaidi. Waliouandika walijua hilo. Lakini mpango ulipimwa kwa kasi ya kulipa, hivyo ndivyo ulivyoandikwa.

Sheria mpya na vipimo vyake

Tokyo ilishtuka. Bunge lilipitisha Juni 2007 sheria ya uzima wa fedha za serikali za mitaa, ikatumika kikamilifu kuanzia Aprili 2009. Ilibadili vitu viwili vilivyoiwezesha Yubari kujificha. Kwanza, upungufu hupimwa kwa hesabu zote za mji zikiunganishwa, hivyo kurusha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine hakubadilishi jibu. Pili, kuna onyo la mapema kabla ya hatua ya mwisho. Kwa manispaa, upungufu wa jumla ukifika asilimia 30 ya mapato ya kawaida, au marejesho ya madeni asilimia 35, mji unaingia chini ya usimamizi. Marejesho yakifika asilimia 25, onyo linatoka na mji unatakiwa kuandaa mpango wake wenyewe. Kipimo kingine hujumlisha mzigo wa baadaye, pamoja na ahadi kwa mashirika ya mji kama lile shirika la ardhi. Mpaka wake ni asilimia 350.

Yubari ilihamishiwa kwenye sheria hiyo Machi 2010. Deni lililobaki, yen bilioni 32.2, liligeuzwa kuwa hatifungani maalumu ya kulipwa hadi mwaka wa fedha 2026, yaani Machi 2027. Marejesho yalikuwa kama bilioni 2.6 kwa mwaka, kwa mji ambao kodi zake zenyewe hazifiki bilioni 1. Kipimo cha marejesho kilipita asilimia 70. Hakuna manispaa nyingine iliyowahi kuingia daraja hilo, jambo linaloonyesha ama sheria inafanya kazi ya kuzuia, ama kila mmoja alitazama Yubari akaogopa. Pengine yote mawili.

Bei ya kisiasa ilikuwa kwamba bajeti ya mji, na kila badiliko lake, lilihitaji idhini ya waziri wa mambo ya ndani. Mji ulichagua meya na madiwani kama kawaida, lakini kuhamisha fedha ya kutengeneza paa kulipitia mkoani, kisha Tokyo. Ukiirudisha picha ya 1902, kijiji cha daraja la pili na kiongozi wa kuteuliwa, tofauti ipo, ila si kubwa kama mtu angependa.

Kubana mji

Mmoja wa watumishi walioazimwa kutoka serikali ya jiji la Tokyo alikuwa Suzuki Naomichi, aliyefika Januari 2008. Baada ya muda wake kuisha alirudi, akagombea, na Aprili 2011 akawa meya akiwa na miaka 30. Mwaka 2019 akachaguliwa gavana wa Hokkaido.

Alichofanya cha maana kilihusu ramani. Yubari ina eneo la kilomita za mraba 763, zaidi ya wadi zote 23 za Tokyo zikijumlishwa, na makazi yake yamefuata mabonde ya migodi: kundi la nyumba hapa, jingine kilomita kadhaa mbele, jingine juu kabisa. Mji ulimiliki maelfu ya nyumba zilizorithiwa, nyingi tupu. Jengo la ghorofa nne lenye kaya tatu bado linahitaji bomba zima, barabara nzima na theluji yote iondolewe. Mpango wa 2012 ulianza kuwahamisha watu jengo kwa jengo kwanza, ndani ya mtaa ule ule, ili majengo mengine yafungwe. Kisha polepole kuelekea Shimizusawa, katikati ya mji. Mpangilio huo wa hatua mbili ndio uliofanya watu wakubali. Mzee anayehama ngazi mbili huku jirani zake wakihama naye si sawa na mzee anayehamishwa bonde jingine peke yake.

Reli nayo aliiendea kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 2016, kabla kampuni ya reli ya Hokkaido haijatangaza kuifunga njia ya kilomita 16.1 inayoingia mjini, Suzuki alijitokeza na kupendekeza yeye mwenyewe ifungwe, kwa masharti. Treni ya mwisho ilipita 31 Machi 2019. Mji ulipata yen milioni 750 kwa ajili ya mabasi, pamoja na ushirikiano katika kituo kipya cha usafiri. Wengi waliona ni kuuza urithi. Kwa hesabu baridi, miji iliyongoja hadi mwisho ilikuwa na kidogo cha kujadili.

Uuzaji wa mali za utalii haukuwa na bahati hiyo. Mwaka 2017 uwanja wa theluji na hoteli viliuzwa kwa mwekezaji wa mali isiyohamishika kwa yen milioni 220. Miaka miwili baadaye vilikuwa vimeshauzwa tena kwa bei ya juu zaidi, na mwishoni mwa 2020 mwendeshaji akafunga. Mji uliotamani kuondokana na mzigo haukujiwekea kifungu chenye meno cha kumzuia mnunuzi kuuza au kufunga.

Machi 2017, miaka kumi tangu mpango wa kwanza, waziri aliidhinisha marekebisho yaliyolegeza kamba: makato ya mishahara yakapunguzwa, fedha zikatengwa kwa nyumba za familia changa, malezi ya watoto na jengo jipya la pamoja lenye maktaba. Tarehe ya mwisho ya deni haikuguswa. Deni likiisha, idhini ya waziri nayo itaondoka, na baraza litapanga bajeti yake bila kuuliza. Mabomba ya maji ya zama za kampuni yatakuwa bado yako chini ya mabonde yale yale, na wa kuyalipia watakuwa chini ya mmoja kwa kila kumi na sita waliokuwepo mwaka 1960.